Daktari wa Kompyuta Zenye Homa

Kaliova Nasedra hakuwa mwizi. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa, na watu wa Lautoka, mji wa miwa huko Fiji, walimwitikia kwa adabu huku wakihamishia mikoba yao bega la pili. Mwizi, alikuwa akifafanua, huchukua, muungwana hupewa. Na yeye katika miaka yake arobaini na miwili alikuwa amepewa vingi: jenereta mbili, mtumbwi, ng'ombe mwenye mimba, na mwaka mmoja wa neema alipewa kanisa zima, akalazimika kulirudisha kwa kukosa mnunuzi.

Mchana ule wa Februari jua lilikuwa limeukalia mji kama kuku anayeatamia. Kaliova alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha duka la vitambaa, anamalizia roti, chapati yake ya viazi, alipomwona Hirdesh Narsey kwenye ngazi za studio yake anaipepea kompyuta kwa kadi ya mwaliko.

Hirdesh alikuwa mpiga video za harusi, kijana mpole mwenye kamera ya bei ya gari na kompyuta ya bei ya baiskeli. Mabingwa wa lugha wamezipa kompyuta za aina ile jina la mpakato, kwa kuwa hupakatwa mapajani. Ile ya Hirdesh ilikuwa haipakatiki. Ilikuwa imelazwa juu ya mto wa kulalia, feni yake ikilia kama mtu aliyekabwa, na mpepeaji machozi yakimlengalenga.

Kaliova aliuliza kulikoni. Hirdesh akaeleza kwamba ana harusi ya siku tatu ndani ya mashine hiyo, na bibi harusi anahamia Auckland Jumamosi, na hataki kupanda ndege bila filamu yake. Kila akianza kurenda, yaani ile kazi ya mwisho ya kuyeyusha video zote ziwe filamu moja, kompyuta hufika asilimia sitini, hunguruma, kisha huzimika. Ilikuwa imeshazimika mara tisa.

Kaliova hakujua lolote kuhusu kurenda. Lakini mikono yake ilikuwa na akili kuliko yeye. Mmoja ulijinyanyua wenyewe, ukageuka, ukaigusa kompyuta kwa mgongo wa kiganja, kama mama anavyompima mtoto paji la uso. Akatikisa kichwa.

"Homa hii imeanza lini?"

"Tangu Krismasi," Hirdesh alijibu kwa unyonge.

Na hapo, wasomaji wangu, biashara ikazaliwa. Mtu akishakubali kwamba kompyuta yake ina homa, hana budi kukubali kwamba ipo hospitali.

Kufikia Jumatano Kaliova alikuwa amevaa shati jeupe na tai, na mji ulikuwa na habari za Dakta Kaliova aliyesomea joto ng'ambo, mwenye mtambo wa baridi kutoka Uswisi. Ulikuwa msimu wa harusi, na wapiga video wote wa mji, toka wa sokoni mpaka wa karibu na bandari, walikuwa na maradhi yale yale. Walikuja nyumbani kwake wamezikumbatia kompyuta zao kwenye taulo. Kaliova alizipokea moja moja, akaandikia kila mgonjwa kadi ya jina na jotoridi, akadai nusu ya ada papo hapo na nusu baada ya uponyaji. Mmoja aliuliza saa za kuona wagonjwa. Mwingine aliacha papai mbili. Kompyuta kumi zililazwa siku hiyo.

Mpango ulikuwa mwepesi kama manyoya. Yupo bwana mmoja kule mji mkuu, Suva, anayenunua vitu bila kuuliza vilikotoka. Alhamisi saa nane mchana gari lingekuja kumchukua daktari pamoja na wagonjwa wake wote, na Lautoka ingebaki na papai.

Mgonjwa wa kumi na moja aliletwa na mama mmoja mfupi, mjane, Urmila Deo, mwalimu mstaafu wa kupiga chapa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kompyuta yake ilikuwa na harusi ya binti wa dada yake. Alilipa bila kubisha, akaketi, na hakuondoka.

Kaliova alimwambia kwa upole kwamba anaweza kwenda nyumbani akapumzike.

"Mwanangu akilazwa mimi hulala chini ya kitanda chake," Urmila alisema. "Hospitali gani hii inamfukuza mama wa mgonjwa?"

Lilikuwa swali la haki. Hirdesh na wenzake watatu, ambao bado walikuwa mlangoni wanaaga, wakalisikia, wakaona aibu kwa jinsi walivyokuwa tayari kuwatupa wagonjwa wao. Nao wakataka kubaki. Kaliova alieleza kuhusu mtambo wa Uswisi, kwamba haupendi pumzi za watu wengi. Wakajadiliana, na mwisho wakafikia mwafaka: abaki mmoja kwa niaba ya wote, na awe mama Urmila, kwa kuwa ni mtu mzima na hana kazi. Kaliova alikubali kwa tabasamu, maana daktari aliyebuni hospitali hawezi kuukana utaratibu wake.

Sasa ilimbidi awe na hospitali kweli.

Mahali penye baridi kuliko pote Lautoka kila mtu anapajua, ingawa hakuna anayepakimbilia: kanisa dogo la nyumba ya maziko, nyuma ya barabara ya hospitali kuu. Mlinzi wake, Inoke, alikuwa ndugu yake Kaliova upande wa mama, na mtu wa kupenda kava, kile kinywaji cha mizizi cha kulegeza mwili, kuliko mshahara. Kwa kifurushi kimoja cha mizizi Inoke alikubali kwamba Alhamisi hapana maiti, kwamba kiyoyozi ni cha umma, na kwamba nyuma ya pazia la madhabahu pana meza ndefu.

Asubuhi ya Alhamisi masanduku mawili ya magurudumu yalifunguliwa nyuma ya pazia, na wagonjwa kumi na moja wakapangwa mezani. Urmila alitazama jeneza tupu la maonyesho lililosimamishwa pembeni. Kaliova akamwambia huo ndio mtambo wenyewe. Mama akasema Waswisi wana kazi nzuri ya mbao.

Halafu akaomba ruhusa ya kuwapangusa wagonjwa. Kaliova, ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye saa nane, alimwambia apanguse tu.

Mama alitoa bisibisi ndogo mkobani na brashi ya poda. Akaigeuza kompyuta ya kwanza, akaifungua tumbo, akatoa vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Katika ya pili alitoa vumbi na nywele. Katika ya tatu alitoa mjusi mkavu aliyekuwa amekumbatia feni, akamweka kwenye kitambaa kwa heshima zote. Alifanya kazi huku akinong'ona, kama bibi anayechambua mchele: mashine haiwekwi juu ya mto, inakabwa pumzi, iinuliwe nyuma kidogo, hewa ipite. Akachukua vitabu vya nyimbo za maziko kutoka kwenye viti, akaviweka chini ya kila moja. Kisha akaziwasha, akazipunguzia nguvu kidogo, kwa maana, alisema, punda anayekimbizwa hadi anaanguka hafiki sokoni mapema kuliko anayetembea. Filamu ndefu akazikatakata vipande, kipande kikiiva mashine inapumzishwa, kisha kinafuata kingine. Ikawa zinarenda, na hakuna iliyopiga kelele.

Kaliova alishikwa na wasiwasi. Alizoea wateja wanaokaa na kushangaa. Ilipofika saa tano akajaribu njia nyingine: alisema wagonjwa wanne wana hali mbaya, lazima wapelekwe chumba cha mahututi, naye angewapeleka mwenyewe. Chumba cha mahututi kilikuwa friji la maiti, lenye mlango wa nyuma unaotokea barabarani.

"Usithubutu," alisema Urmila bila kuinua macho. "Baridi ya ghafla hutoa jasho ndani ya mashine. Jasho likigusa umeme, unazika. Hukufundishwa hilo Uswisi?"

Dakta alisema alikuwa anampima.

Alikuwa bado anatafuta njia ya tatu pale milango mikubwa ya kanisa ilipofunguka na kwaya ikaanza kuimba. Inoke alikuwa amekosea siku. Au, tuseme kwa haki, kava ilikuwa imemkosesha siku. Kaliova alichungulia, akaona viti vinajaa watu waliovaa meusi, na jeneza halisi linaingia mabegani mwa wanaume sita, juu yake shada la maua lililosukwa kwa umbo la kichwa cha treni. Alitoka nyuma ya pazia ili akajifanye fundi wa kiyoyozi. Lakini alikuwa na shati jeupe na tai, na alikuwa ametokea madhabahuni. Mzee mmoja akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kuja, maana walikuwa wameambiwa mchungaji wao ameharibikiwa na gari njiani kutoka mji wa Ba, na hawakujua kama mbadala atapatikana.

Wapo watu ambao miguu yao ingekimbia. Ya Kaliova ilipanda mimbarini.

Kwenye karatasi ya ibada alisoma kwamba marehemu aliitwa Aporosa. Kwenye maua alisoma treni, na treni za Fiji kazi yake ni kubeba miwa. Havikumtosha? Vilimtosha mno. Alisimulia jinsi Aporosa alivyoivuta miwa ya taifa zima miaka na miaka, asiombe makofi. Alisema wapo wanaopita maishani na wapo wanaopisha, na Aporosa alikuwa na tabia ya kusimamisha treni ng'ombe apite. Kilio kikapanda. Alisema safari ya leo haina kituo cha kuteremka. Mtu mmoja akaanguka. Kaliova mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, akamlilia mtu ambaye hajawahi kumdai chochote.

Hapo ndipo mgonjwa wa Hirdesh alipofika asilimia mia moja.

Kompyuta hiyo ilikuwa imepangwa ijichezeshe filamu ikimaliza kurenda, na sauti ilikuwa imeachwa juu kabisa. Nyuma ya pazia zikalipuka ngoma za harusi ya Kihindi, tarumbeta, vigelegele, na sauti ya mjomba fulani mlevi akimwita bwana harusi mbuzi.

Kwaya iliganda. Mjane wa marehemu, mama mnene aliyekaa mbele na kipepeo cha ukili, aliinua kichwa. Kaliova alimtazama mjane, mjane akamtazama yeye, na tarumbeta zikaendelea.

"Ndivyo alivyotaka," Kaliova alisema taratibu. "Aliniambia, siku yangu ikifika, msinisindikize kwa machozi matupu."

Mjane alishusha kipepeo chake.

"Ni kweli alikuwa anakwenda harusi za majirani bila kualikwa," alisema. "Kila Jumamosi. Hata mimi hakuniaga."

Mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Halafu mabega. Ndipo alipoinuka, na mama wa Kifiji wa kilo mia akiinuka msibani kucheza, nani atabaki ameketi? Wanawe walicheza, kwaya ikacheza, wabeba jeneza walilizungusha jeneza mara mbili, na mzee yule wa kushika mikono alilia na kucheza kwa wakati mmoja. Kaliova ilimbidi acheze pia, tena mbele, kama kiongozi wa kiroho. Alicheza akitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

Ngoma zilipokatika ghafla, alishuka mbio kwenda nyuma ya pazia akawafungashe wagonjwa. Meza ilikuwa tupu. Masanduku hayapo. Kilichobaki ni vitabu vya nyimbo vilivyopangwa vizuri, na mjusi kwenye kitambaa chake. Inoke alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma na vifurushi viwili vipya vya kava mapajani. Alieleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemsaidia mama kupakia teksi, na kwamba mama yule ni mstaarabu sana.

Kaliova alitaka kukimbilia barabarani. Lakini wanaume sita walikuwa wamekuja kumfuata, kwa upendo mkubwa. Familia ilikuwa imeamua kwamba mtumishi aliyeongea vile hawezi kuachwa; atapanda gari la jeneza, ataweka udongo wa kwanza, kisha atakula nao. Alipokuwa makaburini ameshika koleo, gari lake la Suva lilipita polepole barabarani, likapiga honi mara mbili, likaendelea na safari. Alirudi kwake jioni ameshiba mihogo na nguruwe, akiwa maskini kama alivyozaliwa.

Alikesha akingoja kukamatwa. Kesho yake alipotoka kwa kunyata, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Hirdesh, aliyevuka barabara mbio. Kaliova alijikunja kupokea ngumi, akapokea kumbatio. Filamu ilikuwa imekamilika. Bibi harusi ameiangalia mara mbili na kulia mara tatu. Na wenzake wote tisa wameponyewa mashine zao, wakalipa nusu iliyobaki kama walivyoelekezwa.

"Mmemlipa nani?" aliuliza Kaliova.

"Karani wako. Mama Urmila. Alisema Dakta hagusi pesa kwa mkono."

Nyumba ya Urmila ilikuwa upande wa pili wa reli ya miwa, ya mabati, na barazani palikuwa na kibao kilichofifia kwa jua: MATENGENEZO YA KOMPYUTA. Kaliova alikuwa amepita mbele ya kibao hicho maisha yake yote. Alivua viatu, akaingia, na hakusalimu. Alimkuta mama akinywa chai, na ile kompyuta yake ya harusi ya binti wa dada imefunguliwa mezani. Ndani haikuwa na kitu. Ilikuwa ganda, kama kaa aliyeliwa.

Kaliova alimwita tapeli. Alilitamka neno hilo kwa uchungu wa dhati, kama mtu aliyeharibiwa jina na mtu wa fani yake.

Urmila alimmiminia chai. Akamwambia kwamba kwa miaka minne amewaambia wapiga video wa mji huu wazitoe vumbi mashine zao, waziinue, wahariri kwa nakala nyepesi za video, waache kuziweka juu ya mito. Aliwaambia kwa nusu ya bei yake yeye Kaliova. Walimsikiliza kama wanavyosikiliza mvua. Ndipo siku moja akasikia kuna daktari.

"Walikuwa hawataki dawa, mwanangu. Walitaka daktari. Nami sikuwa naye, mpaka ukajitokeza. Sasa nakushukuru, na ukipenda, endelea kuwa daktari wangu. Theluthi moja yako."

Kaliova alisimama. Heshima yake ilikuwa imekanyagwa, na akili yake ikamwonyesha kisasi kitamu kuliko pesa. Siri yote ya mama huyu ni brashi na bisibisi. Basi ataitoa bure. Ataimwaga njiani kila mtu ajiokotee, na Urmila arudi kukaa na kibao chake.

Bahati ikamletea pa kuanzia, kwa kuwa wakati ule ule gari jeupe lilisimama nje. Akateremka Parmod Lachman, aliyeelekezwa kwa karani wa Dakta, mwenye kumbi tatu za harusi, mtu ambaye hata kivuli chake kilikuwa kinatembea kwa madaha, na nyuma yake dereva wake amebeba kompyuta sita.

"Dakta," alisema Parmod, "nasikia una mtambo."

"Hakuna mtambo," alisema Kaliova kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Wala mimi si daktari. Nunua brashi. Fungua mashine, toa vumbi, iinue nyuma. Usiiweke juani wala kitandani. Filamu ndefu ikate vipande, na ukihariri tumia nakala nyepesi za video, zile nzito zingoje mwisho. Ukiona bado inachemka, ipunguzie nguvu, uipe muda. Basi. Hakuna zaidi, na sikudai hata senti."

Hakuwahi kusema ukweli mrefu kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Ulimwacha akihema, na kwa mbali akajisikia vizuri, kama mtu aliyeoga.

Parmod alimtazama toka utosini hadi kwenye soksi. Akamgeukia dereva wake.

"Unaona? Nilikwambia watu wa hapa ni matapeli. Nimepoteza asubuhi yangu yote nimekuja kuambiwa ninunue brashi." Akaanza kurudi kwenye gari.

Kaliova alimkimbilia mpaka ngazini. Alimwapia kwa kaburi la mama yake. Alijitolea kumfungulia moja hapo hapo, amwonyeshe vumbi kwa macho. Kadiri alivyosema ndivyo Parmod alivyozidi kutembea, na dereva alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

Urmila aliweka kikombe chini. Alitoka barazani polepole, akijifuta mikono kwa upindo wa sari, akamwinamia Parmod kidogo kama karani amwinamiavyo bosi.

"Msamehe, bwana," alisema kwa sauti ya chini. "Dakta husema hivyo kwa kila mtu mkubwa, aone nani ana imani. Wengi huondoka. Mtambo upo nyuma, lakini Waswisi hawaruhusu uonekane."

Parmod alisimama. Akamtazama Kaliova upya, na safari hii ilikuwa kwa woga. Akamwamuru dereva azishushe zote sita.

Kaliova alibaki ngazini na kinywa wazi, na soksi zake juani. Kisha akarudi ndani, akavuta kiti kizuri kuliko vyote, akakipangusa, akamwekea mama Urmila akalie.